Mifupa Iliyotoka Hekaluni

Sanduku lilikuwa wazi. Mifupa haikuwamo.

Inspekta Borith alichuchumaa mlangoni mwa stoo, kando ya hekalu la kale, akalikagua kufuli. Halikuvunjwa. Halikuwa hata na mkwaruzo.

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili," alijibu Profesa Arellano, aliyekuja na wanafunzi wake kutoka Manila kujifunza uchimbaji wa magofu. "Mmoja ninao mimi. Mwingine anao Mama Kimleang, anayetupikia. Lakini yule mama hawezi kuua hata nzi!"

"Sijasema kauawa mtu, Profesa. Mifupa ilikuwa ya nani?"

"Mtumishi wa hekalu. Ina miaka mia nane."

"Mmeipima?"

Profesa akasita. "Bado."

Mirasol, mwanafunzi aliyeifukua kwa mikono yake, aliinamisha kichwa. "Mwambie kuhusu kifungo, Profesa."

"Kifungo gani?" Borith akauliza.

"Cha plastiki. Kilikuwa chini ya mbavu."

"Panya hubeba vitu," Profesa akasema, sauti ikififia.

Borith akamgeukia binti. "Jana Mama Kimleang aliiona mifupa?"

"Alituletea uji wakati nasafisha mfupa wa mkono. Uliwahi kuvunjika, ukaunga kombo. Alipouona, mabakuli yakamponyoka. Nikamtania, 'Mama, leo tunakulia chini?' Hakucheka."

Inspekta hakuuliza zaidi. Aliendesha gari hadi pagoda ya kijijini, hekalu la Wabudha ambako wafu huchomwa. Nyuma ya ukumbi, tanuri la kuchomea maiti lilikuwa bado la moto. Mama Kimleang alikuwa amepiga magoti, akiosha vipande vya mifupa iliyoungua kwa maji ya dafu.

"Umefika upesi, mwanangu," alisema bila kugeuka.

"Mama, umeiba ushahidi wa watu, ukauchoma. Ni kosa hilo."

"Najua."

"Ni nani?"

"Vuthy. Kaka yangu. Alianguka kutoka juu ya mti wa mvumo akigema pombe. Ule mkono uliovunjika niliufunga mimi."

"Kwa nini hukumwambia Profesa?"

"Angeniuliza nimejuaje kuwa alizikwa pale." Mikono yake ikatulia. "Hata wewe ungeniuliza."

"Nauliza sasa."

Alimimina maji ya dafu juu ya kipande kingine.

"Miaka ile ya njaa, wanamapinduzi walipotufungia kwenye kambi za kazi, nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Vuthy aliiba mchele kambini, akanipikia. Yeye hakula. Kesho yake mkuu wa kambi akaniita, akanipa kipande cha sukari. 'Mtoto mzuri, nani kakupa wali?' Nikamtaja. Wakampeleka upande wa hekalu. Alipita mbele yangu akanitabasamia. Alidhani sijui kitu."

"Ulikuwa mtoto, mama."

"Sukari niliimaliza, mwanangu."

Borith alitazama pembeni. Babu yake mwenyewe alipotea miaka ile. Hakuna aliyejua wapi.

"Na kama si yeye?" akauliza taratibu.

"Basi kaka wa mtu mwingine kapata maziko."

Borith alimsubiri amalize kuosha na kuitia mifupa chunguni. Akaandika maelezo yake, akamsomea, naye akatia dole gumba bila kubisha neno.

Chungu hicho cha majivu kilikuwa kielelezo cha kesi. Kilipaswa kutiwa kwenye mfuko na kupigwa lakiri. Borith akampandisha mama garini, akakiweka mapajani mwake, akamfunga mkanda wa kiti, kisha akaliendesha gari polepole, akikwepa mashimo.