Namba Isiyosomwa

Kila siku kengele ya mwisho ya shule ilipolia, Chiriku alivuka barabara kwenda kumsubiri mama yake kazini, kwenye maabara. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama alikuwa mtafiti wa vinasaba, yale maagizo madogo yaliyomo ndani ya kila kiumbe. Miaka tisa nyuma aligundua kinasaba kinachokinga mahindi na ugonjwa wa majani, akaandika makala. Watafiti zaidi ya mia mbili walikuwa wameitegemea katika kazi zao, na wengine walishaanza kuzalisha mbegu kwa kuifuata.

Fundi wa maabara alipokwenda likizo, Chiriku aliomba apewe kazi yake moja: kusoma namba kwenye jokofu kubwa lililohifadhi majani ya mahindi ya utafiti ule na kuiandika daftarini. Ilitakiwa iwe nyuzi themanini chini ya sifuri. Siku nne aliisoma, na siku zote nne ilikuwa themanini. Siku ya tano wenzake walikuwa wakiruka kamba uani, chini ya maabara. Ya nini kupanda ngazi zote zile? Akaandika themanini hukohuko chini, kisha akaenda kuruka.

Akafanya hivyo wiki nzima. Alipopanda tena, alikuta mlango haujashika vizuri na namba imepanda hadi thelathini na nane chini ya sifuri, baridi isiyotosha kulinda majani yale. Akausukuma mlango kwa bega hadi ukafunga, na kesho yake namba ikarudi. Chiriku, msemaji wa darasa zima, hakusema neno.

Baada ya mwezi mmoja, wazalishaji wa mbegu walimwomba Mama arudie jaribio lake kwa majani aliyohifadhi, wapate uhakika kabla ya kuwagawia wakulima. Akarudia. Picha ya vinasaba vya majani ikatoka tupu, bila mistari inayoonyesha kwamba kinasaba kile kipo. Akabadilisha dawa. Tupu. Akaazima mashine nyingine. Tupu vilevile. Wiki tatu alirudi nyumbani amenuna, akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake na kulaumu kila aliyepita karibu.

"Labda majani yameharibika, Daktari," Fundi alimwambia Mama siku moja pale maabarani.

"Yataharibikaje? Si daftari hili hapa? Themanini, themanini, themanini! Jokofu halina kosa. Mwenye kosa ni mimi. Leo naandika barua, naiondoa makala yangu."

"Kuiondoa ndiyo kufanyaje, Mama?" Chiriku aliuliza.

"Kuwaambia wote walionifuata kwamba niliwapoteza."

Mama akavuta kiti na kuanza kuandika. Chiriku akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Mama, usiandike. Namba zile... nyingine sikuzisoma."

"Umesemaje?"

"Niliziandika nikiwa uani. Siku moja nilikuta mlango uko wazi. Nilikuta thelathini na nane."

Fundi akaangalia dari. Mama akainuka, akatembea hadi dirishani, akarudi.

"Wiki tatu, Chiriku! Wiki tatu nimejiona mjinga, na wewe unaniangalia tu!"

"Nisamehe, Mama."

"Nitakusamehe. Leo bado. Toka kwanza, nisije nikakuchapa."

Majani yale hayakufaa tena. Ilibidi wapande mahindi upya kwenye kibanda cha vioo nyuma ya maabara, kwa mbegu za aina ileile. Chiriku alimwagilia na kupima urefu kila siku kwa wiki sita, huku akisikia wenzake wakiruka kamba upande wa pili wa ukuta. Alichukia kazi ile, lakini kila mche aliupima kwa rula, hata siku za mvua.

Siku ya majibu, mistari ilitokea, myeusi na iliyonyooka. Fundi alipiga meza kwa furaha. Mama aliketi, akashusha pumzi, kisha akamvuta binti yake karibu.

"Mlango ungeweza kumshinda yeyote," alisema. "Lakini namba uliyoiandika bila kuiona niliiamini kuliko akili yangu. Nusura niwatoe watu mia mbili kwenye njia sahihi kwa sababu yake. Siku usiyosoma, acha nafasi tupu. Nikiona nafasi tupu nitakuja kukuuliza. Uongo nitauamini tu, maana umeandikwa na mwanangu."