Barua Isiyo na Kosa

Kila asubuhi, kabla jua la mji wa Darbhanga halijashika moto, Vaidehi Jha alikaa kibarazani kwao na bakuli la mchele bapa na mtindi, akila huku akijibu maswali. Muulizaji alikuwa mama yake, kitabu mkononi, miwani imemteremka puani.

"Neno 'ushauri' kwa Kiingereza, likiwa jina?"

"Linaandikwa kwa c."

"Na likiwa kitenzi?"

"Kwa s. Mama, hayo ni ya watoto wadogo. Niulize magumu."

Mama alicheka, akafunua kurasa za mbele. Zilikuwa zimebaki wiki sita kabla ya mtihani wa kuingia shule ya bweni ya serikali. Nafasi za wasichana zilikuwa kumi tu kwa jimbo zima, na waliozitaka walikuwa maelfu. Hesabu wengi waliziweza. Kilichowaangusha ni Kiingereza: sentensi hamsini, kila moja ina neno lililotumiwa vibaya, nawe ulitafute kama mtu anayechambua mawe kwenye dengu.

"Hujanywa maji," mama alisema Vaidehi alipoinuka.

"Nitakunywa nikirudi."

"Saa nane? Na joto lote hili?"

Vaidehi alipanda baiskeli yake, akaondoka. Hakumwambia mama sababu. Aliona hata kuitaja ni kujichafua ulimi.

Sababu ilikuwa choo. Kituo cha masomo cha Mwalimu Sudhakar kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la masufuria, na mwisho wa ujia kulikuwa na choo kimoja tu. Mlango wake haukuwa na komeo. Tundu lilikuwa limeziba tangu mwezi wa kwanza. Sakafuni yalisimama maji meusi yenye utelezi, na juu yake yalielea matambara ambayo hakuna aliyetaka kujua ni ya nini. Kuta zilikuwa na michirizi ya mate mekundu ya tambuu. Nzi wa kijani walinona humo, wazito, hata ukiwapungia mkono hawaruki. Siku moja Vaidehi alijaribu kuingia. Alipiga hatua moja, akaona funza akipanda ukingo wa kandambili yake, akatoka mbio. Alizitupa kandambili hizo jalalani na kurudi nyumbani pekupeku.

Wavulana walikwenda nyuma ya ukuta wa duka. Wasichana, ishirini na watatu kwa jumla, walikuwa na dawa yao: hawakunywa maji tangu asubuhi mpaka saa nane. Walikaa na midomo mikavu, miguu wameibana, wakisahihisha sentensi.

Mwalimu Sudhakar hakuyajua hayo. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, na haja zake alikwenda kuzimalizia huko. Alikuwa mtu nadhifu, shati jeupe, kalamu nyekundu mfukoni, na alichukia makosa kama wengine wanavyochukia mende. "Maombi yoyote kwangu yaandikwe kwa Kiingereza," alizoea kusema. "Nikikuta kosa moja, karatasi hiyo ni ya kufungia karanga."

Siku hiyo alimsimamisha Vaidehi. "Nipe sentensi yenye neno la kinyaa."

Vaidehi, kwa kujiamini, alitunga sentensi juu ya harufu ya samaki aliyeoza. Harufu hiyo, alisema, ilikuwa "disgusted".

Mwalimu alielekeza kalamu dirishani, alipokaa msichana mwembamba mwenye msuko mmoja. "Punita?"

Punita Mallik alisimama. "Si sawa, Mwalimu. 'Disgusted' ni yule anayeona kinyaa. Kinachotia kinyaa ni 'disgusting'. Harufu haiwezi kuona kinyaa. Haina pua."

Darasa zima liliangua kicheko. Hata Mwalimu alitabasamu. Vaidehi alikaa, masikio yakimwaka moto.

Kosa lenyewe lilimuuma, lakini aliyelisahihisha ndiye aliyemuuma zaidi. Akina Jha walikuwa watu wa vitabu na ibada. Akina Mallik, tangu mababu, waliachiwa ufagio na uchafu wa wengine, na mama yake Punita alisafisha vyoo vya stendi ya mabasi. Mjini hakuna aliyehitaji kuelezwa hayo. Jina tu lilitosha.

Wakati wa mapumziko wasichana walisimama ujiani, kila mmoja ameziba pua kwa mtandio. Vaidehi alimwona Punita akipita, na maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Wee mwalimu wa Kiingereza! Badala ya kusahihisha sentensi za watu, si ukasafishe choo? Si kazi ya kwenu hiyo?"

Wawili watatu walicheka. Wengine walitazama chini.

Punita aligeuka taratibu. "Mama yangu anasafisha vyoo vya watu wanaojua Kiingereza," alisema. "Ndiyo maana najua na wao wananuka."

Akaenda zake darasani. Vaidehi aliingia wa mwisho, akakaa bila kutazama upande wa dirisha.

Siku tatu baadaye aliamka anatetemeka. Mgongo ulimuuma upande mmoja, na kila alipokwenda haja ndogo aliona kama anakojoa pilipili. Mama alimpeleka zahanati kwa Daktari Nusrat, mama mnene asiye na subira.

"Unakunywa maji kiasi gani kwa siku?"

"Bilauri mbili, Daktari."

"Bilauri mbili! Hata kuku hunywa zaidi. Unasoma wapi?" Alipotajiwa kituo, daktari aliweka kalamu chini. "Wewe ni wa saba mwezi huu kutoka hapo. Wote wasichana. Mnajibana mkojo kutwa nzima, mtu amewadanganya kwamba ni heshima. Si heshima hiyo, ni ugonjwa. Mkojo ukilala kibofuni vijidudu huzaana, halafu hupanda mpaka kwenye figo. Utameza dawa hizi zote mpaka ziishe. Na maji unywe, ukihitaji kwenda uende. Umenielewa?"

"Niende wapi, Daktari?" Vaidehi aliuliza, machozi yakimlenga. Kwa mara ya kwanza alimweleza mama yake habari za choo kile, na mama alishika kichwa.

"Mimi nakuuliza maneno ya Kiingereza kila asubuhi," mama alisema, "na hili hukuniambia hata kwa Kimaithili cha nyumbani?"

Mama alitaka kumwachisha kituo. Vaidehi alimsihi, wiki tano zilibaki, na mjini hapakuwa na mwalimu mwingine wa kufanana na yule. Alirudi darasani na chupa kubwa ya maji. Kufika saa nne alikuwa ameimaliza nusu. Saa nne na nusu hakuweza tena kukaa. Alitoka mpaka mlango wa choo, harufu ikampiga usoni kama kofi, akatapikia ujiani, ameegemea ukuta wenye mate ya tambuu.

Mtu alimshika mkono kwa nguvu. Alikuwa Punita.

"Jikaze. Tunashuka."

"Sitafika."

"Utafika. Tembea."

Punita alimburuta ngazi zote, wakavuka barabara, wakapita wauza chai mpaka stendi ya mabasi, kwenye choo cha umma chenye mlango wa bluu. Vaidehi alifumba macho akiingia. Alipoyafumbua, aliona sakafu ya vigae iliyokauka, ndoo ya maji safi, sabuni kwenye kisahani. Palinuka dawa ya kusafishia, basi. Watu mia tatu hupita hapo kila siku, na hapakuwa na nzi hata mmoja.

Nje, mwanamke mfupi aliyevaa glavu za mpira alikuwa akisuuza ufagio. "Huyu ndiye yule?" alimuuliza Punita.

"Ndiye."

Mama Punita alimtazama Vaidehi kutoka juu mpaka chini, kisha akasema, "Nawa mpaka kwenye viwiko, binti. Sabuni haiishi."

Walirudi kituoni. Karibu na ngazi Vaidehi alisema, "Asante, Punita."

"Sikukufanyia wewe. Ningemwona hata mbwa katika hali ile ningemsaidia."

"Nilikosea siku ile. Nilisema maneno ya aibu. Mimi mwenyewe nikiyakumbuka najiona... najitia kinyaa."

Punita alisimama. "Maneno unayo mengi, Vaidehi. Unayakosea, unayarekebisha, unapata alama. Choo bado kiko palepale. Fanya kitu."

Jioni hiyo Vaidehi alianza kuandika barua. Aliifuta mara nne. Kesho yake alimpelekea Punita, naye akaisoma amekunja uso.

"Hapa umekosea. Umeandika 'from January'. Kitu kilichoanza mwezi wa kwanza na bado kinaendelea ni 'since'."

"Nilijua. Haraka tu."

"Anayejua hakosei. Andika upya."

Waliiandika upya pamoja, siku tatu, wakibishania kila neno. Hawakutia chumvi wala kutukana. Walitaja tundu lililoziba, mlango usio na komeo, wasichana saba waliougua, jina la ugonjwa kama alivyoliandika daktari. Wasichana wote ishirini na watatu walitia sahihi.

Mwalimu Sudhakar aliipokea mbele ya darasa, akatoa kalamu nyekundu. Aliisoma mara ya kwanza kwa haraka. Mara ya pili kalamu ilifuata kila mstari, ikasita, ikaendelea. Mara ya tatu kalamu haikusogea kabisa.

"Haina kosa," alisema kwa sauti ndogo. Akakohoa. "Basi nitatafuta mtu. Punita, mama yako anaweza kuja Jumapili..."

"Hapana, Mwalimu." Vaidehi alisimama. "Mama yake Punita ana kazi yake, na choo chake ni kisafi. Hiki ni chetu. Tafadhali, njoo kwanza ukione."

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwambia Mwalimu Sudhakar njoo. Yeye aliweka kalamu mfukoni, akatembea ujiani, wanafunzi wote wakimfuata, akausukuma mlango kwa ncha ya kiatu.

Alikaa humo kama nusu dakika. Kilisikika kiatu kikiteleza, kisha sauti ya mtu anayetapika. Alipotoka, leso ikiwa mdomoni, suruali yake ilikuwa na doa jeusi hadi gotini, na macho yalikuwa mekundu.

"Miezi mitano," alisema. "Miezi mitano mko hivi, na mimi nawafundisha vituo na koma!"

Jumapili alikuja amekunja suruali, na ndoo sita. Fundi bomba alizibua tundu na kufunga bomba jipya. Wavulana walijaribu kujitoa. Mmoja alisema kazi hiyo si ya hadhi yake. "Basi na mtihani si wa hadhi yako," Mwalimu alimjibu, akampa brashi. Mama Punita alikuja, lakini hakuja kusafisha. Alikaa kwenye kiti, amekunja mikono, akiwaelekeza namna ya kuchanganya dawa, namna ya kuvaa glavu, na namna ya kuzivua bila kujichafua. Vaidehi alisugua kuta. Alitapika mara mbili zaidi, akanawa, akarudi. Nyumbani, bibi yake alimwamuru aoge mara tatu kabla ya kugusa chungu chochote. Alioga mara moja, kwa sabuni, akaenda kusoma.

Tangu siku hiyo kulikuwa na zamu ukutani, wavulana kwa wasichana, na jina la Mwalimu lilikuwa la kwanza. Chupa za maji zilijaa madawatini. Wiki ya mwisho Vaidehi na Punita walisoma pamoja stendi, kwenye benchi la Mama Punita, wakitegana maswali. Hawakuwa marafiki wa kushikana mikono. Walishindana vikali, na kila mmoja alifurahi sana kumkamata mwenzake.

Matokeo yalipotoka, Punita alikuwa wa tatu katika jimbo na Vaidehi wa tisa. Mama yake Vaidehi alinunua boksi la vitamutamu, akamchukua binti yake, wakaenda mtaa wa akina Mallik, ambako hakuwahi kukanyaga maishani mwake.

Mama Punita alikuwa anapika samaki kwa haradali. Aliwakaribisha kwenye mkeka.

"Dada, nimekuja kuomba radhi," mama yake Vaidehi alisema. "Mwanangu ameniambia yote, na maneno aliyoyasema hakuyaokota barabarani. Aliyaokota nyumbani kwetu."

Mama Punita aligeuza samaki kwanza, ndipo akajibu. "Mtoto aliyakosea, akayasahihisha. Sasa nisikilizeni nyote, na wewe Punita, usitabasamu. Kuona kinyaa si dhambi. Pua tumepewa ituonye kuna ugonjwa. Lakini mtu akiona uchafu akaziba pua, akapita, akasema yupo aliyezaliwa kwa kazi hiyo, huyo uchafu amebaki nao, na ugonjwa utamfuata hukohuko alikokimbilia. Uchafu wako usafishe. Anayekusaidia kuusafisha umheshimu. Na mkienda huko bwenini, mkikuta kibaya, semeni mapema. Msingoje figo ziseme."

"Ndiyo, Mama," wasichana waliitika pamoja.

Akapakua sahani nne za wali na samaki, akaziweka mkekani. Mama yake Vaidehi aliitazama sahani iliyokuwa mbele yake. Katika ukoo wao wote, tangu mababu, hakuna aliyewahi kula chakula kilichopikwa katika nyumba hii. Vaidehi alimtazama mama yake.

Mama alikunja pindo la sari, akamega tonge, akachambua mwiba mmoja, akala. Alitafuna polepole, kisha akainua uso.

"Dada," alisema, "pilipili umeibania. Niongezee."