Kifo cha Kombe la Kwaya

Marehemu alikuwa wa kioo. Alilala vipande vipande kwenye sakafu ya ofisi ya mkuu wa shule, chini ya kabati lililo wazi.

Inspekta alichuchumaa. Magoti yakalalamika.

"Kombe la kwaya za wilaya nzima," Mkuu alisema. "Keshokutwa tunalirudisha."

"Nani kalivunja?"

"Tetemeko la ardhi. Leo asubuhi, saa mbili na dakika kumi. Lakini mfagizi hakufunga kabati. Uzembe huo!" Akasogeza barua ya kumfukuza kazi mfagizi, tayari imechapwa. Ilisubiri ripoti ya polisi tu.

Mfagizi, mama aliyefagia pale miaka kumi na mmoja, alisimama mlangoni. "Nilifunga, afande. Wanangu wanakula kwa kazi hii."

"Mkuu, uliingia saa ngapi?"

"Saa moja na nusu."

"Na kombe?"

"Zima kabisa. Nililiona kwa macho yangu."

"Tetemeko ulilisikia?"

"Nilipepesuka! Ushahidi huu hapa." Akatoa karatasi aliyoichapa kutoka tovuti ya matetemeko: 02:10.

Inspekta haamini karatasi asiyoitafuta mwenyewe. Aliketi kwenye kompyuta ya Mkuu, akafungua tovuti hiyo, akachagua tarehe. Kwenye ramani akachora mraba mkubwa mno. Yakaja matetemeko arobaini, mengi ya baharini. Akaupunguza. Halikuja hata moja, kwani alikuwa ametaka makubwa tu. Mfagizi akaguna. Inspekta akashusha kipimo hadi tatu, akabonyeza "pakua", na jedwali likafunguka. Tetemeko moja, dogo, 02:10.

"Si nilikwambia?" Mkuu akatabasamu.

Inspekta alisoma mstari mdogo juu ya jedwali, akausoma tena.

"Saa hizi ni za kimataifa, Mkuu. Sisi tumezitangulia kwa saa tatu. Na mashine haianzi kuhesabu macheo kama sisi, inaanza usiku wa manane. Tetemeko lilipita saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, wewe ukiwa unakoroma."

"Mimi sikoromi."

"Saa moja na nusu ukaliona kombe zima. Kwa hiyo tetemeko halina hatia. Ulipepesuka na nini?"

Mkuu aliigeuza karatasi yake kifudifudi mezani.

"Nilikuwa nacheza," alisema kwa sauti ndogo.

"Ulikuwa unacheza?"

"Siku ya ushindi, mwenyekiti wa bodi ya shule alilinyakua yeye. Mimi sikuligusa. Leo nikasema kabla halijaondoka, na mimi nilinyanyue. Nikaimba kidogo. Nikageuka, kiuno kikakataa, kombe likaniponyoka." Akafuta uso. "Kisha nikatafuta tetemeko."

"Ungesema ajali, yakaisha. Kwa nini umtwike mama wa watu?"

Mkuu alimtazama mfagizi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Kwa sababu yeye ndiye angenikuta na vipande. Mama, bodi ningeivumilia. Lakini wewe ukicheka, shule nzima inasikia. Niliogopa kicheko chako."

Inspekta aliuma mdomo ili asicheke yeye. Akageuka kwa mfagizi, akangoja. Mkuu naye akafumba macho, akangoja.

Mfagizi hakucheka. Aliichukua ile barua mezani, akaisoma yote taratibu, akaikunja na kuitia mfukoni. Kisha akamshikisha Mkuu ufagio.

"Anzia chini ya kabati," alisema.