Fikasi Iliyougeukia Mlango

Asubuhi hiyo mkunga mstaafu aliingia sebuleni na kikombe chake cha chai, akakuta fikasi, mti wao wa kupamba ulio kwenye chungu, imegeuka. Upande wake wenye majani mengi, ambao jana ulitazama dirisha, sasa ulitazama mlango wa chumba cha mkamwana wake. Chungu kile kilikuwa kizito. Majirani waliohama walipowaachia mti huo, wanaume wawili walikiingiza ndani kwa taabu, na sasa mkamwana alikuwa na mimba ya miezi minane.

Akamuuliza kama ameusukuma. Mkamwana akasema hata kuugusa hataki, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama si mama mwenyewe aliyeugeuza. Wakatazamana. Mume wa mkamwana, dereva wa malori, alikuwa safarini. Ndani walikuwa wao wawili tu, na kila mmoja akajua anashukiwa.

Mkunga hakuwa mtu wa kutishwa na mti. Akachukua mkasi na kitambaa kibichi, akaanza kupogoa. Alikata juu kidogo ya kila kifundo, akaondoa matawi yaliyopishana katikati ili hewa ipite, akakipunguza kichwa cha mti kikawa duara zuri. Matawi saba yakaanguka. Utomvu mweupe ukachuruzika, naye akaupangusa, ila ulikuwa na joto, na harufu iliyopanda ilikuwa ya chumba cha kuzalishia: damu na maji ya moto. Harufu hiyo aliishi nayo miaka thelathini.

Kesho yake matawi mapya yalikuwa yamechomoza, yote upande mmoja, marefu kama vidole. Mkunga akanyunyiza unga sakafuni kuzunguka chungu, akijiambia kwamba leo atamshika huyu binti. Kulipokucha mti ulikuwa umeusogelea mlango hatua moja nzima, na unga haukuwa na alama hata ya mende.

Alasiri, mkamwana akiwa amelala na nyumba imetulia, mkunga alisikia kitu kikigonga taratibu ndani ya shina, akajiambia ni mchwa, akajiambia ni masikio ya uzee, lakini mkono ukaenda wenyewe kabatini ukatoa kile kipembe cha mbao alichosikilizia mioyo ya watoto matumboni, akakiweka kwenye gome, akainamisha sikio, na humo ndani akasikia mapigo ya haraka, mepesi, ya mtoto ambaye hajazaliwa.

Akakimbilia chumbani. Akaweka kipembe kwenye tumbo la mkamwana, juu, chini, kushoto, kulia.

"Mama, mbona husemi?"

"Tulia kidogo, mwanangu. Nasikiliza."

Hapakuwa na kitu.

Mtaa wa pili palikuwa na mama mmoja fundi cherehani ambaye watu walimwendea kimyakimya mambo ya majini yakiwazidi. Mkunga akamwita, naye akafika jua halijazama. Aliunusa mti, akamkalisha mkamwana mbele yake, akauliza nani yumo. Jibu likatoka kinywani mwa mkamwana, kwa sauti iliyokwaruza.

"Amenikata mikono saba. Mimi nimechukua mtoto mmoja tu."

Mkunga, ambaye katika ndoa yake yote hakuwahi kumpigia mtu magoti, alipiga magoti mbele ya chungu. Akasema alikata kwa kutojua, na kwamba yeye ndiye aliyemshuku yule binti bure. Akaomba mtoto arudishwe.



"Basi," sauti ikasema, "nitampeleka mwenyewe."

Majani yote yakapukutika kwa mkupuo mmoja, shina likabaki kavu kama fimbo. Fundi akashusha pumzi, akasema jini limetoka, wasiogope tena. Akaling'oa shina na mizizi yake, akaenda kulichoma mbali na nyumba.

Mkunga akamlaza mkamwana na kuweka kipembe tena. Moyo ulikuwepo, wa haraka, wenye nguvu. Machozi yakamtoka. Akataka kuinua kichwa, ndipo nyuma ya moyo ule akasikia mwingine, mzito, wa polepole sana, kama mtu anayebisha hodi bila haraka yoyote kwa kuwa anajua atafunguliwa.

Mkamwana alimshika mkono.

"Yupo, mama?"

"Yupo," mkunga akasema, na hakusema wako wangapi.