Sarafu ya Kikosi ya Roy Henning

Sarafu ya kikosi ya marehemu Roy Henning, ile ambayo askari hupewa na kikosi chake kama kumbukumbu, ilikuwa imepotea, na aliyeipoteza ni binti yake, Darla. Aliichukua kabatini bila ruhusa, akaenda nayo kwenye mazoezi ya besiboli kuwaringia wenzake, akarudi mfuko mtupu.

Roy alikuwa mwanajeshi miaka kumi na miwili, kisha polisi wa mji wao mdogo wa Nebraska miaka sita. Alifia kazini. Lori lilimgonga barabarani akimtoa mama mmoja kwenye gari lililopinduka. Tangu hapo, kila siku ya kuzaliwa ya Roy, polisi wenzake huja kula pankeki nyumbani kwake. Wengi wao nao walitoka jeshini, na kila mmoja ana sarafu yake. Darla huketi nao, kando ya kiti na sahani wanazomwachia baba yake, na sarafu ya baba mfukoni.

Mwaka huu, kahawa haijamiminwa hata kikombe kimoja, Sajenti Mabry, mtu wa kitambi na sauti kama honi aliyetumika na Roy jeshini, aligonga sarafu yake mezani.

"Sarafu juu!"

Ndiyo sheria yao tangu jeshini. Kila mtu aonyeshe yake, na asiye nayo awapikie wote. Sarafu zikagongwa mezani, paa, paa, paa! Darla akaweka kisarafu cha bati cha kutumbukiza kwenye mashine ya kuoshea magari, akakifunika kwa kiganja.

"Hebu inua mkono, binti," alisema Mabry.

"Si umeshaiona, anko?"

"Nimeona vidole vitano. Hakuna hata kimoja cha jeshi."

Watu wakacheka. Darla akakitazama kiti kitupu cha baba yake. Akainua mkono.

"Hii ni ya kuoshea magari. Ya baba nimeipoteza uwanjani juzi. Niliichukua bila kumwambia mama."

Mama yake, Joanne, akaweka birika chini. "Mbona hukuniambia siku ile ile?"

"Niliogopa. Nilidhani mtasema sistahili tena kuketi hapa."

"Sikiliza, mwanangu," alisema Mabry. "Baba yako aliidondosha sarafu hiyo hiyo chooni, kule jangwani. Alitwambia papo hapo, tukaiopoa kwa fimbo. Ukisema kosa lako mapema, unapata watu wa kutafuta nawe. Ukificha, unabaki kutafuta peke yako."

"Chooni?" Joanne aliruka. "Na miaka yote naiweka karibu na vijiko vyangu!"

Walicheka hadi machozi, kisha wote wakaenda uwanjani. Polisi kumi na tisa walipiga magoti wakipapasa majani, na Joanne ndiye aliyeiona, chini ya ua wa waya.

"Sasa sheria ni sheria," alisema Mabry, akimfunga Darla aproni. "Mimi naanza na pankeki nne."

Kosa lile lilimgharimu Darla saa tatu mbele ya jiko, kidole kimoja kilichoungua, mwezi mzima bila besiboli, na pankeki themanini na mbili. Ile ya mwisho aliiweka kwenye sahani ya baba yake.