Maranda ya Banda la Shabab

Mlango wa jikoni ulianza kupwaya Jumanne. Juzi tu ulikuwa unabana mpaka uusukume kwa bega, sasa ulifunguka wenyewe, na pembeni pana mwanya wa kupitisha kidole. Odongo aliutazama akasema ni jua. Huyo ndiye Odongo, hakuna kitu asichokijua.

Alikuwa amehamia Kiamunyi, Nakuru, kutoka Nairobi, yeye na mkewe Immaculate na binti yao Shantel wa darasa la kwanza. Nakuru nzima hakuwa na rafiki, basi akajiunga na kikundi cha maseremala wenye banda kule mtaa wa Shabab. Alifika na aproni mpya na ujuzi wote wa YouTube, akaanza kuwafundisha watu waliokulia kwenye msumeno jinsi ya kushika msumeno. Walimvumilia. Nao hawakuwa malaika, stuli moja iliwachukua mwezi mzima na umbea ndio ulikuwa kazi yao hasa.

Sheria ya banda ilikuwa moja. Jioni maranda yote, yale maganda membamba ya mbao yanayotolewa na randa, yanafagiwa na kuchomwa mlangoni, na hayatoki nje hata kiganja.

"Kwa nini, mama?" Odongo alimuuliza Cheptanui, mwenyekiti wa kikundi, mwanamke mwenye mikono mipana na ulimi mkali.

"Mzee Ogada mwenye alianzisha hapa alikuwa na jini ya kumpigia randa. Ogada akakufa. Hakuna mtu aliiambia kazi imeisha. Hiyo kitu inafuata maranda, boss. Mahali itayapata, inajua hapo ndio kuna kazi."

Odongo alicheka mpaka akajishika mbavu. Watu wazima na akili zao! Yeye alikuwa na vifaranga nyumbani wanaohitaji kulalia pakavu, na hawa wajinga wanachoma mali. Zamu yake ya kufagia ilipofika, wenzake wakipiga domo, alijaza gunia akalificha kwenye buti ya gari. Mjanja kwelikweli.

Akayatandazia vifaranga, na siku chache baadaye mlango ukapwaya. Baada ya mlango ikafuata meza, ikaanza kuyumba. Vifaranga waliacha kulia, wakawa wanajibana kona moja siku nzima. Maranda yao hayakupungua kama yanavyopungua yakikanyagwa, yaliongezeka. Nyumba ikanuka mti uliochanwa sasa hivi.

"Baba Shantel, mtoto anahitaji viatu. Hivi vinambana analia," Immaculate alisema mchana mmoja, kisha akamshika mkono. "Nani ako huko ndani?"

"Ni majirani."

"Majirani gani? Hiyo si bedroom ya mtoto?" alinong'ona.

Shwaa. Shwaa. Halafu kimya kifupi, na pumzi, fuu, kama fundi anavyopuliza vumbi kwenye randa, kisha shwaa tena, polepole, bila haraka, na Odongo mwenye kujua yote alisimama kwenye korido akisikiliza randa ikienda na kurudi, ikienda na kurudi, mpaka Immaculate mwenyewe ndiye aliyeusukuma mlango, wakakuta chumba kitupu, sakafu safi bila unyuzi wa mbao, na kitanda cha Shantel kimesimama kwenye miguu myembamba kama penseli, bado ya moto ukiigusa.

Odongo alikimbilia Shabab. Cheptanui hakumpa pole.

"Uliiba maranda."

"Kidogo tu, mama."

"Mjinga wewe! Mbao zikiisha kwako itashika chenye kiko karibu. Uko na mtoto? Basi rudisha yote leo, na mavi ya kuku ndani. Tuchome, tuiambie kazi imeisha."

Odongo akarudi mbio na koleo. Alipofungua kibanda cha kuku uvundo ukampiga usoni. Maranda yalikuwa yameloa, yananata. Akayatazama, akatazama viti vya gari alivyotoka kuosha, akaona majirani kwenye ua wakimkodolea macho. Mtu wa heshima zake abebe mavi kwenye gari? Akarudisha koleo. Akaenda kwa mpasua mbao wa barabarani, akajaza gunia la maranda makavu, masafi, akalipeleka bandani.

"Mbona hayanuki?" Cheptanui aliuliza.

"Niliyapepeta."

Cheptanui akachukua nyundo. "Shauri yako."

Wakachoma. Cheptanui akagonga benchi kwa nyundo akasema kwa sauti kwamba kazi imeisha, Ogada amelala, vyombo vimefungwa. Odongo alifika nyumbani, akatega sikio. Kimya. Akamwambia mkewe hao watu ukiwajulia ni rahisi sana kuwacheza, akala, akalala fofofo.

Asubuhi alikwenda kuwapa vifaranga maji. Maranda yalikuwa yamerundikana hadi kwenye waya wa kibanda, na ya juu hayakuwa ya mbao. Yalikuwa laini, mepesi, yamejikunja vizuri jinsi randa iliyonolewa inavyokunja, na yalikuwa na joto. Akayashika mkononi, akayatambua kwa rangi, ilikuwa ya ngozi ya mtu.

Shantel alitoka jikoni na sare yake ya shule, akitembea taratibu, anaburuta visigino. Alikuwa anatabasamu.

"Dadi, viatu havinibani tena."

Odongo alifungua mdomo aseme ni jua. Nyuma ya mtoto, ndani ya nyumba, kitu kilipuliza, fuu.