Pasi Aomba Chuo cha Biashara

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, Pasi alifungua mlango wa chuma wa kiwanda cha kufulia nguo. Ndani mlikuwa na mashine sita kubwa za kufulia, mbili za kukaushia, na meza ndefu ya kupigia pasi. Mashuka yalikuja kwa magunia kutoka hoteli mbili na hospitali moja. Yalifuliwa, yakanyooshwa, yakakunjwa, kisha yakarudishwa yalikotoka.

Jina la Pasi alipewa na wenzake. Alianza hapo akiwa mpiga pasi. Miaka tisa baadaye alikuwa msimamizi wa zamu ya asubuhi, mwenye watu kumi na wanne chini yake. Cheo kilipanda, jina likabaki lile lile.

Mwaka uliopita ilitangazwa nafasi ya meneja msaidizi. Pasi aliijua kazi ile kama kiganja chake. Lakini nafasi alipewa mtu kutoka nje, mwenye stashahada ya biashara. Mtu huyo hakujua hata kwamba mashuka ya hospitali hufuliwa peke yake. Pasi ndiye aliyemfundisha. Siku hiyo alirudi nyumbani, akakaa mezani, hakugusa chakula mpaka kikapoa.

"Na wewe nenda kasome," mkewe alimwambia. Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishonea hapo hapo sebuleni, karibu na dirisha.

Mjini kulikuwa na chuo cha biashara chenye masomo ya jioni. Kilikuwa na sifa, na kuingia kulikuwa kazi. Watu zaidi ya elfu moja waliomba kila mwaka, wakachukuliwa sitini tu. Pasi aliomba. Jibu likaja kwa mistari miwili: hakuchaguliwa. Kwa nini? Hakuambiwa.

Mwaka huu alitaka kuomba tena. Tatizo ni kwamba hakujua wapi alikosea.

Jumamosi mchana aliketi na fomu yake. Kaka yake mkubwa alikuja kumsaidia. Watu walimwita Injinia. Hakuwa injinia. Aliwahi kufungua redio za watu watatu, na hakuna hata moja iliyoimba tena.

"Soma swali la kwanza," Injinia alisema.

"'Eleza jambo moja ulilojaribu kazini likakushinda, na ulichojifunza.'"

"Huo mtego! Andika hujawahi kushindwa tangu uzaliwe."

"Wataniamini?"

"Watakuogopa. Hiyo ni nzuri zaidi."

Pasi alikuna kichwa. Akasoma swali la pili. Chuo kilitaka barua mbili za mapendekezo, kutoka kwa watu wanaoifahamu kazi yake.

"Hilo niachie mimi," Injinia alisema. "Namfahamu dereva wa mheshimiwa diwani. Barua ya diwani nani ataikataa?"

"Lakini diwani hanijui, kaka."

"Atakujua akishatia sahihi."

Kisha Injinia akatoa simu. Alikuwa amepata insha mtandaoni. "Tamu kweli! Badilisha jina tu, umemaliza." Akaisoma kwa sauti ya hotuba: "'Mimi ni kiongozi mwenye maono mapana na ari isiyozimika...'"

Mke wa Pasi alisimamisha cherehani. "Shemeji, huyo ni nani?"

"Ni mumeo."

"Mume wangu simjui hivyo."

Injinia alipoondoka, Pasi alijaribu kuandika mwenyewe. Aliandika, akakata. Aliandika tena. Mwishowe akapata ukurasa mmoja kuhusu nyuzi za rangi. Kazini mashuka yalikuwa yakichanganyika. Ya hoteli yalipelekwa hospitali, ya hospitali yakapelekwa hotelini. Sasa kila mteja ana uzi wa rangi yake, ulioshonwa kwenye pembe ya shuka. Mchanganyiko umekwisha.

Alimpa mkewe asome. Mkewe alisoma polepole, kidole kikifuata mistari.

"Hapa umeandika, 'Nilibuni njia ya nyuzi za rangi.'" Alinyanyua macho. "Ulibuni wewe?"

Pasi aligeuza kalamu mkononi. Wazo lile lilikuwa la mkewe. Ndiye aliyeshona hata mashuka ya kwanza ya majaribio.

"Wanataka kiongozi," Pasi alisema hatimaye. "Nikisema ni wazo la mke wangu, mimi nitaonekana nini?"

Mkewe alirudi kwenye cherehani, ikapiga kelele kuliko kawaida. Pasi aliitazama karatasi. Kaka anasema hivi, fomu inasema vile, mke amenuna. Kichwa chake kilikuwa kama gunia la mashuka yaliyochanganyika.

Jioni ile jirani alikuja kujaribu gauni lake. Mama huyu alikuwa amestaafu. Miaka ishirini na miwili alikuwa karani katika chuo kingine, kwenye ofisi inayopokea na kusoma maombi ya wanafunzi. Jengo zima walimwita Bi Karani.

"Shikamoo, Bi Karani," Pasi alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana hivyo? Na pasi unazo wewe."

Pasi alicheka kidogo, akamweleza yote. Bi Karani alivaa miwani. Alisoma insha ya mtandaoni kwanza. Hakufika mwisho.

"Hii nimeisoma mara mia," alisema. "Majina tofauti, maneno yale yale. Wasomaji wakiigundua, ombi linawekwa kando. Mwaka jana uliandika nini?"

Pasi alimwonyesha. Ilisema kwamba yeye ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye bidii.

"Kila mwombaji anasema hivyo. Umesema u mchapakazi, hukuonyesha ulifanya nini. Sasa nijibu hili swali la kwanza. Kazini, nini kilikushinda?"

Pasi aliangalia sakafu. "Kuna jambo moja. Lakini ni aibu."

"Lilete."

"Kabla ya nyuzi, mimi nilikuwa na wazo langu. Niliwaambia watu waandike alama kwenye mashuka kwa wino. Mpiga pasi mmoja alisema wino utasambaa. Sikumsikiliza. Mashuka arobaini ya hoteli yaliharibika kwa siku moja. Niliomba radhi kwa mteja. Nilikaribia kufukuzwa."

"Halafu?"

Pasi alimtazama mkewe. "Halafu nilirudi nyumbani nikamsimulia mke wangu. Yeye akasema, 'Kwa nini msishone uzi?' Safari hii nilisikiliza. Tulijaribu mashuka kumi kwa wiki mbili. Nikawauliza wafuaji na wapiga pasi wanaonaje. Ndipo tukaendelea na yote. Zamani yalikuwa yanapotea mashuka kama thelathini kwa mwezi. Sasa hayazidi mawili."

Bi Karani alivua miwani. "Kwa nini hukuandika hayo?"

"Si nitaonekana mjinga?"

"Sikiliza, mwanangu. Swali si mtego. Hawatafuti mtu ambaye hajawahi kukosea. Hayupo. Wanataka kujua ukikosea unafanya nini. Wewe ulikosea, ukakiri, ukasikiliza watu, ukajaribu kidogo kwanza, ukapima matokeo. Huko ndiko kuongoza. Na wazo la mkeo liandike kuwa la mkeo. Ukidanganya kwenye karatasi, kwenye usaili watakuuliza maswali matatu tu, utakwama."

Cherehani ilikuwa imenyamaza muda mrefu.

"Nisamehe, mama," Pasi alimwambia mkewe.

"Andika kwanza," mkewe alijibu. "Nitakusamehe nikisoma."

"Na barua ya diwani?" Pasi aliuliza.

"Diwani atasema nini juu yako? Kwamba una sahihi yake? Tafuta mtu anayeiona kazi yako. Bosi wako. Na mteja mmoja. Waombe mapema, usiwashtukize. Wape karatasi yenye mambo uliyofanya na tarehe ya mwisho, maana watu husahau."

Hapo Pasi aliingiwa na wasiwasi mpya. Bosi akijua anaomba chuo, si atadhani anataka kuacha kazi? Siku mbili alizunguka mlango wa ofisi kama mtu aliyepoteza ufunguo. Siku ya tatu aliingia.

Bosi alisikiliza, akakunja uso. "Ukienda, zamu ya asubuhi nani ataishika?"

"Masomo ni ya jioni, bosi. Asubuhi nitakuwa hapa hapa."

"Na yale mashuka ya wino unataka niyaandike?"

Pasi aliweka mezani karatasi ya mambo aliyofanya. "Yaandike. Hata mimi nimeyaandika."

Bosi alinyoosha mkono. "Niachie hiyo karatasi yako. Njoo Ijumaa."

Barua ya pili aliiomba kwa msimamizi wa vyumba wa hoteli, mama yule yule aliyepokea mashuka yenye madoa. Alikubali pale pale. "Wewe ulikuja mwenyewe kuniomba radhi," alisema. "Wengine wangetuma mtu."

Pasi aliandika insha mara nne. Kila mara Bi Karani alimrudishia na alama za kalamu. "Hapa fupisha. Hapa sielewi. Hapa sema ni mashuka mangapi." Fomu iliuliza pia kwa nini anachagua chuo hiki. Pasi alikuwa ameandika kwamba ni chuo bora. Bi Karani akamtuma kwenye tovuti ya chuo, asome orodha ya masomo. Aliporudi alikuwa na jibu lake mwenyewe: kulikuwa na somo la kusimamia uzalishaji, na yeye alitaka kujua kwa nini mashine mbili za kukaushia huchelewesha sita za kufulia.

Alfajiri kabla ya kazi alifanya mazoezi ya hesabu kwa ajili ya mtihani wa kujiunga. Hesabu za sehemu zilimsumbua. Binti yake wa darasa la sita alimweleza, bila huruma.

Alituma maombi siku tano kabla ya mwisho. Ilikuwa bahati, maana mfumo uliyakataa. Jina kwenye cheti chake cha shule lilikosa herufi moja, halikufanana na la kitambulisho. Pasi alijiona amekwisha. Bi Karani alimwambia apige simu chuoni aulize, badala ya kubahatisha. Wakamwelekeza aende kwa wakili, ale kiapo kwamba majina yote mawili ni yake. Siku tatu baadaye hati ilikuwa tayari, na maombi yakapokelewa.

Mtihani ulikuja, akaufanya. Usaili nao ukaja. Mezani walikaa watu watatu. Mmoja aliuliza, "Wazo la uzi lilikuwa la mke wako. Sasa mchango wako ulikuwa nini?"

Pasi akajibu kama alivyojua. "La kwanza nilikosea kwa kutosikiliza. La pili nilisikiliza. Halafu kulifanya wazo la mtu mmoja likubaliwe na watu kumi na wanne, hiyo ilikuwa kazi yangu. Ilinichukua miezi miwili."

Wiki sita baadaye jibu lilifika kwenye simu yake, mashine zikinguruma. Alisoma mara tatu, hakuamini anachosoma. Akampa bosi.

"Hapa wanasema nimepata au sijapata?"

"Umepata, bwana!"

Nyumbani mkewe alisoma jibu lile kwa kidole, mstari kwa mstari. Kisha akampa suruali mpya. Alikuwa ameishona tangu wiki ya usaili, hakumwambia.

Siku ya kwanza ya masomo Pasi alikaa safu ya pili. Wengine walikuja na mikoba ya ngozi na maneno makubwa. Mwalimu alichora mistari mitatu ubaoni, akaeleza upesi upesi, kisha akageuka.

"Kuna ambaye hajaelewa?"

Watu walitazama madaftari yao. Pasi alitazama kushoto, akatazama kulia. Akanyoosha mkono.

"Mimi, mwalimu. Huo mstari wa pili sijauelewa."

Nyuma yake mkono mwingine ukapanda. Halafu mwingine. Mwalimu akahesabu mikono kumi na saba, akafuta ubao, akaanza upya.